Mkato

Faili limefika Newala ndani ya flashi ya Mkwachu,
mtu wa mizani; ameifunga kwenye leso kama ugoro.
Nalifungua kwa pupa. Lahajedwali linanitazama
na kila kitu kimejibana safu ya kwanza:
jina kijiji gunia kilo tarehe simu stakabadhi,
wakulima mia tatu na kumi na wawili
wamelala chumba kimoja, miguu kwa vichwa,
na vyumba sita vya jirani viko wazi.

Nje ukungu bado umeshika mabati ya ghala.

Nafunga. Naanza kwa adabu: leta data, kutoka matini.
Kompyuta inauliza kama karani mgeni:
Nikate wapi?
Penye mkato, nukta mkato, au nafasi?
Penye mkato, najibu,
na kufumba na kufumbua
kila kitu kina chumba chake.

Kumbe sifuri zimekufa.
Simu ya Somoe Nampunju inaanza na sita,
kama mtu aliyevuliwa kofia mlangoni.
Stakabadhi 00417 imebaki 417.
Mashine inadhani sifuri ikitangulia ni mzigo wa bure.
Nani ataiambia kuwa pesa ya Somoe
inapita kwenye hilo tundu?
Nafuta. Naleta upya. Safu ya simu: matini.
Ya stakabadhi: matini. Usihesabu hapa, wewe soma tu.

Na tarehe. Tatu ya mwezi wa kumi
imegeuka kumi ya mwezi wa tatu,
mikorosho haijatoa hata ua.
Mwezi huo ananunua mtu wa kangomba peke yake,
kwa bakuli, korosho zikiwa bado tumboni mwa mti.
Siku, mwezi, mwaka, naielekeza.
Kwa mpango huo.

Jumla ya kilo ikaja pungufu.
Mia sita na arobaini hazipo,
na mashine haina hata wasiwasi usoni.
Nikashuka na kidole, mstari kwa mstari,
chai ikapoa, umeme ukakatika, ukarudi,
mpaka mstari wa 208.

Mkwachu, kwa heshima zake, ameandika:
Likwena, marehemu, kwa mkewe

Mikato miwili. Vipande vitatu.
Likwena kabaki kwenye jina.
Marehemu kahamia safu ya kijiji
(nikanyamaza kidogo hapo).
Mkewe kakalia gunia,
Mnyambe kwao kumesimama penye kilo,
gunia zao nane zimekuwa tarehe
na kilo mia sita na arobaini
zimekuwa namba ya simu.
Ukipiga, anapokea nani?

Makato tumeyazoea hapa ushirikani:
ya chama, ya ghala, ya gunia, ya ujenzi wa zahanati.
Kila mkulima anajua kuuliza, mmekata nini tena?
Huu mkato wa wino
hakuna stakabadhi inayoutaja.

Ningeweza kuifuta mikato. Ni kazi ya sekunde mbili.
Likwena marehemu kwa mkewe: mbio mbio,
kama watu wanaowahi kutoka makaburini.
Sikuifuta.
Nikafungua faili ghafi, nikaweka alama za kunukuu,
moja kabla ya jina lake, moja baada ya mkewe,
kama unavyoshika uso wa mtoto kwa viganja viwili
ili aache kugeuka geuka.
Nikaleta kwa mara ya nne.
Mstari ukarudi nyumbani. Jumla ikatimia.

Alhamisi mkewe alikuja. Akakaa pembeni ya benchi.
Hakuanza na pesa.
Jina lake mmeliacha?
Nikamgeuzia kioo.
Akasoma taratibu, midomo ikitembea,
na penye kila mkato akapumua.

Kisha akauliza malipo lini.
Jumatatu, nikasema, mtandao ukikubali.